Nahwu kwa wasomaji: mwisho wa neno la Kiarabu unapobadilika na usipobadilika

Barua nyingi tulizopokea safari hii kutoka Arusha na Moshi zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: kwa nini neno hili la Kiarabu linabadilika mwisho wake kila linapohamishwa, na lile limekaa vilevile popote linapopelekwa. Tumezipanga barua ili jibu la kwanza lisaidie yanayofuata. Maneno ya Kiarabu tumeyaandika kwa herufi za Kilatini, na penye aa, ii au uu pana madi, yaani sauti ya kuvutwa. Tukisema i'rabu tunakusudia hukumu ya nahwu, yaani ya sarufi ya Kiarabu, si vokali za sarufi ya Kiswahili.

Mwanafunzi wa madrasa ya jioni, Pasua, Moshi: Assalaamu alaykum. Ustadhi wetu anasema neno *haadhaa* katika "Jaa'a haadhaa" ni faa'il, yaani mtenda, na faa'il ni marfuu. Mimi sioni dhamma (u ya mwishoni) yoyote. Tukisema "Ra'aytu haadhaa" neno ni lilelile. Neno lisilobadilika linakuwaje marfuu?

Wa alaykumu s-salaam. Ustadhi wako amesema kweli, ila pameachwa neno dogo katikati: *haadhaa* liko *mahali pa* raf'u. Nawe ni lazima uyatenge mambo mawili ambayo wanafunzi wengi huyachanganya, yaani hukumu na alama.

Hukumu ni nafasi ambayo neno limepewa na amili iliyoliingilia, yaani kile kinacholitawala, iwe amili hiyo ni fi'li (kitenzi), ni harfu (neno dogo la kuunganisha, kutilia nguvu au kukanusha) kama *fii*, *inna* na *lan*, au ni kule neno kuanza sentensi. Hukumu ziko nne: raf'u, nasbu, jarri na jazmu; neno lililozipata huitwa marfuu, mansuubu, majruri au majzumu. Jarri ni ya ismu (nomino na maneno ya jinsi yake) peke yake, jazmu ni ya fi'li peke yake, na mbili zilizobaki wanashirikiana. Alama ni kile unachokisikia au kukiona mwishoni: dhamma (u), fat-ha (a), kasra (i), sukuni (kukosa vokali), au herufi kama waw, alif, ya na nun.

Sasa chukua Zayd. *Jaa'a Zaydun, ra'aytu Zaydan, marartu bi-Zaydin.* Amili tatu, hukumu tatu, alama tatu. Neno la namna hii ni mu'rabu. Weka *haadhaa* pale pale: *jaa'a haadhaa, ra'aytu haadhaa, marartu bi-haadhaa.* Amili ni zilezile na hukumu zimefika zilezile, lakini neno halibadiliki. Hili ni mabni. Kwa hiyo ukiulizwa i'rabu yake huandiki "marfuu kwa dhamma", unaandika hivi: ismu ishaara, mabni 'alaa s-sukuun, fii mahalli raf'in, faa'il, yaani neno la kuonyesha, lililoganda kwa sukuni, mahali pa raf'u, mtenda. Ukitaka kuthibitisha hukumu ya neno la mabni, liondoe uweke ismu la kawaida mahali pake. Likija na dhamma, basi pale ni mahali pa raf'u.

Tofauti hii si ya jana. Sibawayhi, mwanazuoni wa Basra aliyefariki mwishoni mwa karne ya 2 ya Hijria, aliigusa mapema kabisa katika kitabu chake. Alitaja njia nane za mwisho wa neno: raf'u, nasbu, jarri na jazmu kwa yale yanayobadilishwa na amili, halafu dhammu, fat-hu, kasri na waqfu kwa yale yaliyoganda. Sauti za fungu la pili zinafanana na za fungu la kwanza, ila majina yametengwa kwa makusudi. Ndiyo maana mwalimu akisoma "mabni 'alaa r-raf'i" kwenye daftari lako ataikata kwa wino mwekundu. Sema "mabni 'alaa dh-dhammi".

Mpangilio tunaoushauri unapokaa na sentensi ni huu, na usiruke hatua. Kwanza, neno ni ismu, fi'li au harfu? Pili, ni mu'rabu au mabni? Tatu, amili yake ni ipi na imeleta hukumu gani? Mwisho kabisa ndipo uulize alama. Wengi huanza na alama. Wanaona fat-ha, wanaandika "mansuubu", basi. Angalia aya ya 30 ya Surat al-Muddaththir: *'alayhaa tis'ata 'ashar.* Fat-ha ile kwenye *tis'ata* humponza anayeanza na alama. Ukweli ni kwamba namba kuanzia 11 hadi 19 ni mabni kwa fat-ha sehemu zote mbili, na hapa ziko mahali pa raf'u kwa kuwa ni mubtadaa (kianzio cha sentensi) iliyocheleweshwa. Isipokuwa 12: sehemu yake ya kwanza ni mu'rabu, *ithnaa 'ashara* katika raf'u na *ithnay 'ashara* katika nasbu na jarri.

Hatua ya pili inahitaji uhifadhi kidogo. Harfu zote ni mabni, na kwa fi'li tutakuja chini. Kwa ismu, asili ni i'rabu, na yaliyotoka kwenye asili hiyo yanahesabika: dhamiri, yaani viwakilishi, zote (*anaa, huwa, -hu, -ka*), ismu ishaara, ismu mausuli, yaani za "amba-" (*alladhii, allatii, man, maa*), ismu za kuuliza na za sharti, ismu za fi'li, namba tulizozitaja, na baadhi ya dharfu (maneno ya wakati na mahali) kama *haythu, idhaa, al-aana* na *amsi*. Wanazuoni wanasema haya yamefanana na harfu. *Mataa* inauliza kama harfu *hal* inavyouliza, *alladhii* haina maana mpaka ifuatwe na sentensi, na *-tu* ya *katabtu* ni herufi moja tu kama *bi* na *li*. Ndani ya orodha hiyo kuna yanayobadilika: *haadhaani* huwa *haadhayni*, *alladhaani* huwa *alladhayni*, na *ayyu* hupokea dhamma, fat-ha na kasra kama ismu lolote.

Kuna mtego mmoja hapa. *Muusaa* nalo halibadiliki: *jaa'a Muusaa, ra'aytu Muusaa.* Je, ni mabni? Hapana. Ni mu'rabu ambalo alama yake imekadiriwa (muqaddara), yaani ipo bila kutamkwa, kwa sababu alif ya mwisho haiwezi kubeba haraka, yaani vokali fupi. Haraka ipo kihukumu, kizuizi ni herufi moja. Vivyo hivyo *al-qaadhii*: dhamma na kasra ni nzito juu ya herufi ya, kwa hiyo zinakadiriwa, lakini fat-ha ni nyepesi, inatoka: *ra'aytu l-qaadhiya.* Usiseme "fii mahalli" kwa Muusaa, na usiseme "muqaddara" kwa haadhaa. Neno likiwa halimo katika orodha ya mabni, ni mu'rabu hata kama sikio halisikii mabadiliko.

Fundi wa mabango, Unga Limited, Arusha: Nimepewa kazi ya kuandika bango la msikiti kwa Kiarabu. Karatasi niliyoletewa ina "مسجد أبو بكر", lakini mzee mmoja akasema iwe "أبي". Nisije nikaharibu kazi ya watu. Lipi ni sahihi?

Andika مسجد أبي بكر. Mzee huyo amekuelekeza vizuri. *Masjid* imeegemezwa kwenye jina linalofuata, kama kusema "msikiti wa fulani", na kinachoegemewa, yaani mudhaafu ilayhi, ni majruri daima. *Ab* ni miongoni mwa ismu tano (*abuu, akhuu, hamuu, fuu, dhuu*) ambazo alama zake ni herufi: waw katika raf'u, alif katika nasbu, ya katika jarri. *Haadhaa Abuu Bakrin, ra'aytu Abaa Bakrin, masjidu Abii Bakrin.* Ni sababu hiyohiyo inayofanya tuseme Ali bin Abi Talib. Ukiongeza *as-Siddiiq* nalo ni majruri kwa kasra, kwa kuwa ni sifa inayofuata hukumu ya anayesifiwa.

Wapo wanaoacha *Abuu* katika hali zote kwa hoja kwamba jina limeshajulikana hivyo na linasimuliwa kama lilivyo. Hoja hiyo ipo, ila kwenye bango linalokaa miaka, andika lisilo na mgogoro.

Mambo mawili ya mkono. Herufi ya ya mwisho uitie nukta zake mbili chini. Bila nukta inasomeka *abaa*, "alikataa", na hilo hutaki ukutani. La pili ni *ibn*. Likiwa katikati ya majina mawili, mtu na baba yake, linaandikwa bila alif: علي بن أبي طالب. Lakini nafasi ikibana ukalihamishia mwanzo wa mstari wa pili, alif inarudi: ابن. Kwa hiyo pima upana wa bati kabla ya kuchora, usikute neno limeangukia mstari wa pili bila alif yake.

Masharti ya herufi hizi tatu ni kwamba ismu liwe la umoja, lisiwe la udogo (*ubayy*), liwe limeegemezwa, na lisiegemezwe kwenye ya ya "-angu". *Abii* kwa maana ya "baba yangu" ni *abii* katika hali zote, na harakati zake zinakadiriwa.

Mama wa watoto wawili, Kiboriloni, Moshi: Kijana wangu anajifunza kuadhini. Nyumbani anasema "Muhammada rasuula llaah". Babu yake anamkosoa, yeye anasema ndivyo anavyosikia. Tofauti ni herufi moja, ina uzito gani?

Mama, ina uzito mkubwa, na babu ana haki ya kukosoa. Sahihi ni *ash-hadu anna Muhammadan rasuulu llaah*, na dhamma ya lam ndiyo inayoikamilisha sentensi.

*Anna* hutenda kazi mbili kwa mpigo: inalipa nasbu ismu lake na raf'u khabari yake. *Muhammadan* ni ismu lake, limepata fat-ha ya tanwini (yenye nun ya kutamkwa mwishoni). *Rasuulu* ni khabari, yaani habari yenyewe tunayoishuhudia. Mtoto akiipa fat-ha, *rasuula* inageuka kuwa maelezo ya *Muhammadan*, na maana inakuwa: "nashuhudia kwamba Muhammad, Mtume wa Mwenyezi Mungu…" kisha? Khabari haijaja. Ushahidi umekatika njiani.

Chanzo cha kosa ni ulimi kuvutwa na fat-ha iliyotangulia. Kuna jambo jingine linalochangia: nun ya tanwini inaingia ndani ya ra, husomi "Muhammadan-rasuul" bali *Muhammadar-rasuul*. Mwambie aseme polepole kwa vipande, *Mu-ham-ma-dar / ra-suu / lul-laah*, na kipande cha *lul* akibane midomo ionekane. Arudie mpaka midomo izoee, ndipo aunganishe. Na katika tahiyatu ni vilevile: *anna Muhammadan 'abduhuu wa rasuuluh*, dhamma juu ya dal na juu ya lam.

Uzito wa haraka moja unaonekana pia katika Surat at-Tawba, aya ya 3: *anna llaaha barii'un mina l-mushrikiina wa rasuuluh.* Kwa dhamma, maana ni kwamba Allah yu mbali na washirikina na Mtume Wake pia yu mbali nao. Anayetia kasra, *rasuulihi*, anamuunganisha Mtume na washirikina. Imepokewa kwamba kosa la namna hii lilikuwa miongoni mwa yaliyomsukuma Abul-Aswad ad-Du'alii kuweka nukta za mwisho wa maneno katika msahafu: nukta juu kwa fat-ha, chini kwa kasra, mbele kwa dhamma. Vialama tunavyovitumia leo vilikuja baadaye, kwa kazi ya al-Khaliil bin Ahmad.

Kwa kuwa umetaja shahada, nusu yake ya kwanza ina jambo zuri. Katika *laa ilaaha illa llaah*, neno *ilaah* kwa asili ni mu'rabu: *ilaahun, ilaahan, ilaahin.* Lakini likiingiliwa na *laa* ya kukanusha jinsi nzima, likiwa peke yake halijaegemezwa, linaganda kwa fat-ha bila tanwini: mabni 'alaa l-fat-hi, fii mahalli nasbin. Binaa hii, yaani kuganda huku, ni ya muda. *Laa hawla wa laa quwwata* nayo ni hivyohivyo. Mtu anayeitwa kwa jina lake, *yaa Muhammadu*, huganda kwa dhamma, akiwa mahali pa nasbu. Na katika Surat ar-Ruum, aya ya 4, *min qablu wa min ba'du*, *min* imesimama pale pale lakini dhamma haikuondoka, kwa sababu kilichoegemewa kimefutwa katika maneno na kimebaki katika nia.

Mwanafunzi wa sekondari, Ngarenaro, Arusha: Tumefundishwa kwamba fi'li madhi (ya wakati uliopita) ni mabni. Mbona naona *kataba*, *katabuu*, *katabtu*? Mwisho umebadilika mara tatu. Na kwa nini *yaktubna* haidondoshi nun baada ya *lan* wakati *yaktubuuna* inadondosha?

Maswali yako mawili yana mzizi mmoja: nani amesababisha badiliko? I'rabu ni badiliko linaloletwa na amili iliyoingia kabla ya neno. Katika *katabuu* na *katabtu* hakuna amili mpya, kuna dhamiri iliyogandamana na fi'li nyuma. Waw ya wingi inavuta dhamma kwenye herufi iliyo kabla yake, na *-tu* inataka sukuni ili harakati nne zisifuatane kama vile ni neno moja. Jaribu upande wa pili: *qad kataba, in kataba, an kataba.* Zimeingia harfu tatu na fat-ha haikutikisika. Kwa hiyo andika: *kataba*, mabni 'alaa l-fat-hi; *katabuu*, mabni 'alaa dh-dhammi; *katabtu*, mabni 'alaa s-sukuun. Amri nayo ni mabni, kwa kile ambacho mudhaari yake (fi'li ya wakati uliopo na ujao) ingejazimika nacho: *uktub* kwa sukuni, *ud'u* kwa kufutwa waw, *uktubuu* kwa kufutwa nun.

Fi'li pekee ya mu'rabu ni mudhaari. *Yaktubu, lan yaktuba, lam yaktub.* Ikiishia na herufi ya illa (waw, ya au alif), fat-ha hutokea juu ya waw na ya lakini si juu ya alif, na katika jazmu herufi yenyewe hufutwa: *yad'uu, lan yad'uwa, lam yad'u*; *yarmii, lan yarmiya, lam yarmi*; *yas'aa, lan yas'aa, lam yas'a.* Kosa la kila mtihani ni kuandika "lam yarmii" na ya yake. Ya iondoke, kasra ibaki kuonyesha palikuwa na ya.

Zile fi'li tano (*yaktubaani, taktubaani, yaktubuuna, taktubuuna, taktubiina*) alama ya raf'u yake ni nun kuwepo, na alama ya nasbu na jazmu ni nun kufutwa. Aya ya 24 ya al-Baqara inazo zote mbili mfululizo: *fa in lam taf'aluu wa lan taf'aluu.* Kwa macho ni neno moja. Kwa hukumu, la kwanza ni majzumu na la pili ni mansuubu.

Lakini nun ya *yaktubna* si alama. Ni faa'il, ni wale wanawake wenyewe. Huwezi kumfuta mtenda kwa sababu *lan* imeingia. Na mudhaari ikishikwa na nun hii inaganda kwa sukuni: *yaktubna, lan yaktubna, lam yaktubna.* Mahali pengine inapoganda ni inapogusana moja kwa moja na nun ya kutilia nguvu, na hapo inaganda kwa fat-ha: *layunbadhanna* katika Surat al-Humaza. Wanaokatiza kati wakiwepo, kama waw ya wingi katika *layaktubunna*, fi'li inabaki mu'rabu, ila nun yake ya raf'u imedondoshwa ili nun zisirundikane.

Tungependa ukae na aya ya 237 ya al-Baqara, kwa sababu ndani yake kuna fi'li moja ya kusamehe imekuja mara tatu chini ya *an*, na kila moja imejibu kwa namna yake. Inasema: *illaa an ya'fuuna aw ya'fuwa lladhii biyadihii 'uqdatu n-nikaah, wa an ta'fuu aqrabu lit-taqwaa.*

*Ya'fuuna* ya kwanza imepitiwa na *an* na nun imebaki. Anayeiona kama "wao wanaume wanasamehe" atashangaa: mbona haikusomwa *ya'fuu*? Mzizi ni 'ayn, fa, waw. Hapa aya inazungumzia wanawake waliopewa talaka. Waw ni herufi ya tatu ya mzizi, nun ni ya wanawake, wizani yake, yaani kigezo cha umbo lake, ni *yaf'ulna*. Ni mabni kwa sukuni, fii mahalli nasbin. Wanaume wakisamehe, asili ni *ya'fuwuuna*. Waw ya mzizi huanguka, inabaki waw ya wingi, wizani *yaf'uuna*. Sura moja, maungo mawili tofauti.

*Ya'fuwa* ya pili ni ya mtu mmoja. Imeunganishwa na ya kwanza kwa *aw*, ni mansuubu, na fat-ha imetoka wazi juu ya waw ya mzizi. *Ta'fuu* ya tatu ni "nyinyi mkisamehe": ni katika zile fi'li tano, asili yake *ta'fuuna*, nun imefutwa na *an*. Tahadhari moja: katika rasmu (maandishi) ya msahafu, *ya'fuwa* na *ta'fuu* zote zimeandikwa na alif mwishoni, kwa hiyo usiifanye alif hiyo kuwa dalili ya waw ya wingi. Tazama haraka iliyo juu ya waw. Ukiweza kuzieleza tatu hizi bila kuangalia daftari, mlango wa fi'li umekufungukia.

Msomaji wa Njiro, Arusha: Niliandika katika insha "saafartu min Aruushaa ilaa Makkati". Mwalimu akarekebisha iwe *Makkata*, lakini *Aruushaa* akaiacha. Je, majina ya miji ni mabni?

Si mabni. Ni mu'rabu, ila ni ya fungu lisilopokea tanwini, mamnuu'u mina s-sarfi, ambalo alama yake ya jarri ni fat-ha badala ya kasra. *Makkatu, Makkata, min Makkata*: dhamma na fat-ha zinapishana, kwa hiyo neno linabadilika. *Aruushaa* ni katika fungu hilohilo kwa kuwa ni jina la mahali lisilo la Kiarabu, lakini linaishia na alif, hivyo fat-ha yake ya jarri imekadiriwa kama ya *Muusaa*. Mwalimu hakuwa na la kurekebisha.

Jina la mtu au mahali huingia fungu hili likiwa la kike (*Maryam, Faatima, Makka*), lisilo la Kiarabu (*Ibraahiim*), lenye alif na nun za ziada (*'Uthmaan, Ramadhaan*), lenye wizani wa fi'li (*Ahmad, Yaziid*), lililogeuzwa kama *'Umar*, au lililounganishwa kama *Hadhramawt*. Majina ya kigeni ya herufi tatu yenye sukuni katikati yanapokea tanwini: *innaa arsalnaa Nuuhan*. Wingi wa wizani wa *masaajid* na *madaaris*, na sifa za wizani wa *akbar*, nazo ni za fungu hili.

Kasra hurudi neno likipata *al* au likiegemezwa. Linganisha *fa hayyuu bi-ahsana minhaa* (an-Nisaa, 86) na *a laysa llaahu bi-ahkami l-haakimiin* (at-Tiin, 8). Harfu ni *bi* mara zote mbili na wizani ni mmoja. La kwanza limesimama peke yake, limepata fat-ha. La pili limeegemezwa kwa *al-haakimiin*, limepata kasra.

Msomaji wa Majengo, Moshi: *Hayya* katika "hayya 'ala s-salaah" ni fi'li amri? Mbona wakiitwa watu wengi haisemwi "hayyuu"?

Ni ismu fi'li: ina maana ya amri, "njooni", lakini haiungani na dhamiri kama fi'li inavyoungana. Mmoja au elfu, ni *hayya*, mabni 'alaa l-fat-hi. *Aamiin* ni ndugu yake, nayo ni mabni kwa fat-ha, na sukuni unayoisikia ni ya kusimama tu.

Mzee msomaji, Sakina, Arusha: Sisi husimama kwa sukuni kila mwisho wa aya. Ikiwa mwisho hautamkwi, kuna haja gani ya kuuchunguza hivi?

Shikamoo mzee wetu. Kusimama kunaficha neno moja tu, lile la mwisho. Yote yaliyo kabla yake yanatamkwa kwa harakati zake. Tena hakufichi kwa usawa. Tanwini ya fat-ha hugeuka alif, *afwaajan* inasimamiwa *afwaajaa*, wakati tanwini ya dhamma na ya kasra huanguka kabisa. Ta marbuta hugeuka ha. Sukuni hiyo si ya binaa wala ya jazmu. *As-samad* ukisimama ni marfuu kwa dhamma, na sukuni imekuja kwa ajili ya pumzi.

Na ukiunganisha ndipo elimu inapodaiwa. Mwenye kuunganisha aya mbili za kwanza za al-Ikhlaas husoma *ahaduni llaahu s-samad*. Kasra ile ni ya nun ya tanwini, imeletwa kwa sababu sukuni mbili zimekutana. *Ahad* bado ni marfuu. Surat al-Bayyina inaanza *lam yakuni lladhiina kafaruu*, na vijana wengi wakiulizwa juu ya *yakuni* hujibu "majruri". Fi'li haina jarri. Ni majzumu kwa *lam*, alama yake ni sukuni, na nun imetiwa kasra ili ulimi uweze kuvuka kwenda kwenye lam ya *alladhiina*. Wakitaka kuhakikisha, wasimame hapohapo kwenye neno hilo: watasikia *yakun*.